Ajifunze Kusoma Kabla ya Kusema

Ndugu Mhariri,

Wiki hii jarida lenu limewauliza wasomaji: msafiri anayekwenda Japani kwa mara ya kwanza, asiyejua Kijapani hata kidogo, ajitayarishe vipi, au simu yenye programu ya kutafsiri inamtosha? Jibu langu ni kwamba simu aichukue, lakini wiki mbili tatu za mwisho kabla ya safari azitumie kujifunza kusoma katakana, na hilo litangulie kukariri sentensi za mazungumzo. Najua ushauri huu unapishana na vitabu vingi vya wasafiri, ambavyo huanza na salamu na kuendelea na "naomba maji". Nimeishi Japani nikiwa mwanafunzi na nimewapokea huko wageni wengi kutoka Dar es Salaam, Mombasa na Unguja. Ni nadra kumwona mgeni amekwama mbele ya mtu, kwa kuwa Wajapani humsaidia mgeni kwa subira kubwa. Wageni wetu hukwama mbele ya maandishi.

Kijapani huandikwa kwa mifumo mitatu inayochanganyika, mara nyingi ndani ya sentensi moja. Kanji ni herufi zenye asili ya China, na orodha rasmi ya zile za matumizi ya kawaida, kama ilivyorekebishwa mwaka 2010, ina herufi 2,136. Hizo msafiri hazimalizi. Hiragana, yenye alama 46 za msingi, huandika viambishi na maneno mengi ya asili. Katakana nayo ina alama 46 za msingi, na kazi yake kubwa ni kuandika maneno yaliyotoka lugha za kigeni pamoja na majina ya wageni. Kila alama ni silabi, si herufi moja moja: ka, ki, ku, ke, ko. Hapa ndipo mzungumzaji wa Kiswahili anapoanza safari akiwa mbele ya wenzake, maana irabu za Kijapani ni tano kama zetu, silabi karibu zote huishia kwa irabu, na neno la kigeni likiingia huongezewa irabu hadi likae vizuri mdomoni, kama sisi tulivyofanya kwa basi, hoteli na teksi. Mjapani husema basu, hoteru na takushii. Bia ni biiru, kuku wa mgahawani ni chikin, na choo huandikwa toire. Mtu aliyekua na Kiswahili hahitaji kufundishwa mchezo huu. Anahitaji tu kuzijua alama.

Mitego ipo, nayo ni ya kujua mapema. Urefu wa irabu hubadili maana: biiru ni bia, lakini biru ni jengo la ghorofa. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo humfanya msikilizaji asikie irabu ndefu mahali ambapo haipo, kwa hiyo ni afadhali kutamka silabi zote kwa uzito ulio sawa. Maneno mengine yamehama kabisa kutoka maana yake ya awali. Baikingu, ambalo kwa asili ni jina la wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, kwa Wajapani ni meza ya chakula ya kujipakulia, na matumizi hayo yalianzia katika mgahawa wa Imperial Hotel ya Tokyo mwaka 1958. Mooningu, yaani "asubuhi" ya Kiingereza, katika migahawa ya kahawa ya Nagoya ni mlo wa asubuhi: unaagiza kahawa, na mkate wa kuchoma pamoja na yai huja bila kuongezwa bei.

Tena wengi wetu tumeshasikia Kijapani bila kukanyaga Japani. Magari yaliyotumika huko yamejaa katika barabara za Tanzania na Kenya, na mengi yakiwashwa hutoa sauti ya mwanamke isemayo: "Kaado ga soonyuu sarete imasen." Kuna watu wameisikia kila asubuhi kwa miaka, wengine wakidhani wanakaribishwa. Maana yake ni "Kadi haijaingizwa", nayo ni kadi ya kulipia barabara za kasi za Japani, ambayo huku kwetu haina kazi. Sentensi hiyo moja ina masomo mawili ambayo msafiri atayatumia kila siku. Kaado ni kadi, neno la kigeni lililovishwa irabu. Na ukanushi uko mwishoni kabisa, katika -masen. Kiswahili hutangaza ukanushi mwanzoni, kwa ha- au si-, hivyo sikio letu hulegea baada ya silabi za kwanza. Kwa Kijapani inabidi kungoja hadi mwisho. Arimasu ni "kipo", arimasen ni "hakipo". Anayeuliza bidhaa dukani akasikia mwisho tu wa jibu amekwisha pata alichokitaka.

Lakini faida kubwa ya katakana wataiona wale wasiokula nguruwe, na kwa wasomaji wengi wa pwani hili ni jambo la kila mlo. Chukua pakiti yoyote katika konbini, yale maduka madogo ambayo mengi yake hufunguliwa usiku na mchana, uigeuze nyuma. Kuna sehemu iliyoandikwa 原材料名, yaani viambato. Vimepangwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito, kisha kwa kawaida hufuata mstari wa mshazari, na baada ya mstari huo huja viungio kama rangi na vihifadhi. Nguruwe anaweza kuwa amekaa humo kwa sura kadhaa. Kwa kanji ni 豚, buta. Kwa katakana ni ポーク, pooku. Na ポークエキス, pooku ekisu, ni dondoo ya nguruwe inayoweza kutiwa katika supu ya unga au vitafunio hata pale ambapo picha ya mbele haionyeshi nyama yoyote. ラード, raado, ni mafuta ya nguruwe. ゼラチン, zerachin, ni jelatini, ambayo inaweza kuwa ya nguruwe au ya ng'ombe. Kwa upande wa pombe, herufi ya kuitafuta ni 酒, na neno la hiragana みりん, mirin, ni kileo kitamu cha mchele kinachotiwa katika michuzi mingi ya kupikia. Mwenye kujua katakana, herufi mbili hizi za kanji na neno hilo la みりん huisoma lebo mwenyewe kwa nusu dakika, na hahitaji kumsumbua mhudumu wala kupiga picha kila pakiti.

Mgahawani mambo ni magumu zaidi, kwa sababu hakuna lebo. Sentensi inayosaidia ni "Buta wa taberaremasen", yaani siwezi kula nguruwe. Asiseme tu kwamba hali nyama. Neno niku, nyama, hubeba mawazo tofauti kwa watu tofauti. Osaka na maeneo yanayouzunguka mji huo, mtu akisema niku bila kufafanua mara nyingi anamaanisha ng'ombe, na mpishi anaweza kuiondoa nyama yenyewe akaacha mchuzi uliochemshwa kwa mifupa yake. Ni bora habari za supu nazo ziulizwe kivyake.

Kanji nyingine za kujifunza ni chache na zinategemea anakokwenda. Vituo vya treni vya miji mikubwa vina maandishi ya Kilatini, kwa hiyo sioni haja ya kutaabika sana huko, ila mraba 口, ambao maana yake ni mdomo, unafaa kuzoeleka: 入口 ni pa kuingilia, 出口 ni pa kutokea. Katika nyumba za kuoga na nyumba za wageni za jadi hali ni nyingine. Mlango wa bafu hufunikwa kwa pazia lenye herufi moja tu, 男 kwa wanaume au 女 kwa wanawake, mara nyingi bila mchoro wowote wa kusaidia, na katika baadhi ya nyumba hizo mapazia hubadilishwa nafasi kwa saa maalumu ili kila upande upate kufurahia bafu zote mbili. Aliyekariri kwamba wanaume ni mlango wa kushoto anaweza kujikuta asubuhi katika aibu kubwa.

Sasa saa, ambazo naona zinawahusu Waswahili kuliko msafiri mwingine yeyote. Sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, na Wajapani nao, hadi walipobadili kalenda mwanzoni mwa mwaka 1873, walikuwa na saa zilizofuata kuchomoza na kuzama kwa jua. Leo wanatumia saa za kimataifa, na katika ratiba huandika hadi 24. Msafiri akiiambia simu yake "saa mbili usiku" inaweza kumtafsiria saa nane za usiku, kwa kuwa imesikia mbili ikaandika mbili. Kwa nafasi ya mgahawa au basi la usiku, kosa hilo ni zito. Ushauri wangu ni kuandika tarakimu, 20:00, na kumwonyesha mhusika. Ghorofa pia ziangaliwe: Wajapani huita ghorofa ya kwanza ile iliyo chini, usawa wa barabara, kwa hiyo chumba cha ghorofa ya tatu kwao kiko kwenye ile tunayoiita ya pili. Katika pesa, hesabu yao hupiga hatua kwa elfu kumi, inayoitwa man. Juuman, man kumi, ni laki; hyakuman, man mia, ni milioni. Tuliozoea laki tuna mahali pa kushika, mradi tukumbuke kwamba ngazi yao iko chini ya yetu kwa sifuri moja.

Baada ya kusoma ndipo nakuja kwenye kusema, na hapa maneno machache yanatosha. Sumimasen hufanya kazi za "samahani" zote, pamoja na kumwita mhudumu na hata kumshukuru mtu aliyejisumbua kwa ajili yako. Mtu akiingia dukani ataambiwa kwa sauti "Irasshaimase!" Kwetu salamu isiyojibiwa ni utovu wa adabu, na nimewaona wageni wakisimama kutafuta jibu, lakini hiyo ni karibu ya duka, haingoji jibu, na kuinamisha kichwa kidogo kunatosha. Kwenye kaunta ya konbini maswali hayabadiliki sana: je, chakula kipashwe moto, je, unahitaji mfuko, ambao tangu Julai 2020 hulipiwa. Jibu la kukubali ni hai, na la kukataa kwa upole ni daijoobu desu.

Jambo gumu kwa simu ni pale Mjapani anapokataa. Ni mara chache atatamka neno la moja kwa moja. Atasema "Chotto…", yaani "kidogo…", kisha ataiacha sentensi ielee, au atasema "Muzukashii desu ne", ambayo simu huitafsiri "ni vigumu". Msafiri aliyesoma tafsiri hiyo huona bado kuna nafasi, akaendelea kubembeleza, na aliye mbele yake anazidi kutahayari. Huku kwetu mtu akisema "tutaangalia" kwa sauti fulani, mwenyeji anajua kwamba shughuli imekwisha. Muzukashii desu ne isikilizwe kwa sikio hilo hilo, kisha mtu ashukuru na kuaga.

Simu ina nafasi yake, na sitaki nieleweke kwamba naipinga. Kwa menyu iliyopigwa chapa, tangazo la treni kuchelewa au maelezo ya dawa inasaidia sana. Huwa dhaifu kwenye mwandiko wa mkono, hasa ule wa kutoka juu kwenda chini uliobandikwa ukutani katika migahawa midogo. Tena, programu hizi hujifunza kwa maandishi yaliyokwisha kutafsiriwa, na yale yaliyotafsiriwa moja kwa moja kati ya Kiswahili na Kijapani ni machache mno, hivyo anayejua Kiingereza atapata matokeo bora zaidi akiitumia simu kwa lugha hiyo, kwa sentensi fupi zenye mtenda aliyetajwa, maana Kijapani huacha kumtaja mtenda na programu hukisia. Kwa anayependa kufundishwa kwa Kiswahili, shirika la utangazaji la NHK lina idhaa ya Kiswahili na limetoa masomo ya Kijapani kwa lugha yetu, ambayo anaweza kuyasikiliza bila malipo.

Mambo mawili ya karatasi yamebaki. Fomu za Kijapani huwa na nafasi mbili za jina, 姓 la ukoo na 名 la mtu binafsi, na la ukoo hutangulia. Sisi wenye majina matatu tufuate pasipoti ilivyoyagawa, na tusibadili mpangilio huo kutoka fomu moja hadi nyingine. Jina hilo ajifunze kuliandika kwa katakana, akijua kwamba l itageuka r, na Halima ataitwa Harima. Na jina, anwani na namba ya simu ya hoteli viwe vimeandikwa kwa Kijapani mfukoni. Barabara nyingi za Japani hazina majina. Nyumba hutambuliwa kwa eneo, kitalu na namba, na dereva wa teksi mara nyingi huingiza namba ya simu ya hoteli katika mashine yake ya ramani akaonyeshwa njia. Aliyepotea kwa miguu aulize kooban, kituo kidogo cha polisi kinachopatikana karibu na stesheni nyingi, ambako askari humchorea mtu ramani au kumwonyesha njia ukutani. Simu ya dharura ya polisi ni 110, na ya zimamoto na gari la wagonjwa ni 119.