Muziki na Wasomaji: Tango Yetu Inasikika Kama Machi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi napiga fidla, mwenzangu sello, ile fidla kubwa ya sauti nzito. Tumetunga tango, ule muziki wa dansi wa Argentina na Uruguay, ya dakika nne, tukaipiga kwenye ukumbi wa parokia. Wazee wakasema wamesikia machi, muziki wa gwaride, ya tarumbeta. Tumekosea wapi? Au tutafute mpiga ngoma?
Mpiga fidla, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimezipiga noti zako hapa nyumbani Sakina, Arusha, za fidla na za sello. Sauti ya fidla ni nzuri mno, usiiguse. Ngoma achana nayo. Okestra za tango za zamani zilikuwa na bandoneoni (kinanda cha mkononi cha kuvuta na kubana), fidla, piano na besi; mapigo yalitoka humo humo.

Shida ni sello. Toka mwanzo hadi mwisho inakanyaga moja-mbili-tatu-nne. Najua mazoea hayo yanatoka wapi, maana nami nimelelewa na bendi ya tarumbeta ya usharika kule Machame. Mapigo manne yamo kwenye tango, ila hayakai wimbo mzima. Sehemu ya kati, gawa kila kipimo, yaani kila fungu la mapigo manne, vipigo vinane vidogo, utie mkazo tatu, tatu, mbili: TA-ta-ta, TA-ta-ta, TA-ta. Pigeni makofi kwanza, vyombo viwe chini. Mwili wako unaujua mwendo huo, umeusikia kwenye rumba tangu utotoni. Astor Piazzolla, mtunzi wa tango wa Argentina, aliutumia sana, na watu weusi wa Buenos Aires, Argentina, na Montevideo, Uruguay, wana mkono wao katika kuzaliwa kwa tango. Si mgeni kwetu.

Halafu sello isilidondokee pigo la kwanza. Iteleze kutoka chini, ianze kabla kidogo, iliburute hadi lifike. Wewe nawe, fidla inaponyamaza, sugua upinde nyuma ya kile kijiti kinachoinua nyuzi, upande wa mkia. Itakwaruza kama mdudu. Waajentina huita chicharra, yaani nyenje. Hiyo ndiyo ngoma uliyoitafuta.

Jukwaani kaeni mkitazamana. Fidla ikitaka kuchelewa, ichelewe, ila sello isiingoje hata kidogo. Mkichelewa wote wawili, wimbo unalala.

Na ule mwisho wa vipimo vinane vya kupunguza mwendo, ufute wote. Tango nyingi humalizwa kwa noti mbili: ya kwanza kwa nguvu, ya pili kwa upole, karibu isisikike. Kisha shusheni pinde.