Bibi akaokota masale

Mmeuliza wiki hii nani ashawahi kutafuta makaburi ya ukoo yasiyo na alama na alianzaje. Mimi nimeanzia kwenye migomba, kihamba chetu, yaani shamba la ukoo la kuzunguka nyumba, kipo Machame, Kilimanjaro.

Wachaga tunazikana nyumbani, na haya makaburi ya saruji na vigae ni ya juzi tu, zamani linapandwa sale juu basi, ule mmea wa majani marefu tunaouheshimu Wachaga. Sasa Desemba mwaka juzi wote tumekwenda nyumbani, kijana wa kazi akaambiwa asafishe nyuma tujenge choo cha wageni, akang'oa masale matatu akidhani ni mpaka wa zamani. Bibi katoka kayaona, hakufoka. Akainama akaokota moja moja, akapangusa udongo kwa kanga, akanipa lile refu: "Huyu ni mama yake na babu yako, mrudishe pale pale." Nikachimba kwa mikono, uzuri sale ukichomeka tu kijiti chake linashika.

Jioni ile nikachukua daftari. Nilianza na wababa, wakabishana mpaka usiku, wengi wamekulia mjini kikazi. Wanaojua ni wanawake walioolewa pale, maana wao ndo wanalima na kumwaga samadi, na bibi alipokuja bi harusi alionyeshwa na mama mkwe wake wapi asipitishe jembe. Mhojini kila mtu peke yake halafu mlinganishe. Simu isiwadanganye, ile ramani yake inakosea mita kadhaa wakati kaburi na kaburi ni hatua mbili, sisi tumepima kwa futi kamba kutoka kona ya nyumba na kutoka kwenye mfongo, ule mfereji wa maji wa zamani.

Waliobatizwa tumewatafuta kwenye vitabu vya usharika, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame 1893, kabla ya hapo ni masale na midomo ya watu tu. Na mjue zamani baada ya muda fuvu lilikuwa linafukuliwa na kuhifadhiwa penye masale pembeni ya kihamba, kwa hiyo sale si lazima liwe pale mtu alipozikwa, msichimbe kuhakikisha jamani, waacheni walale.

Tumefikisha kumi na moja wenye majina. Watatu hatujawajua, bibi anasema wifi yake aliyeolewa Kibosho ndo anawajua, ana miaka tisini na kitu na masikio yameanza kuwa mazito. Jumamosi nampeleka bibi wakaongee.