Kabla ya Kuuza Kiwanja Ukatibiwe kwa Picha ya Ubongo

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbale aliniandikia kwamba wenzake nyumbani wanataka kuuza kiwanja ili dada yao, anayeugua sonona, apelekwe India akatibiwe kwa kutazama picha ya ubongo wake mwenyewe. Alinitafuta mimi kwa sababu niliwahi kulala ndani ya mashine hiyo nilipokuwa nikisoma Uingereza, jambo ambalo, nakiri, nimelisimulia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mashine yenyewe ni MRI ya kawaida, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ila kompyuta hupima papo hapo mabadiliko ya oksijeni katika damu ya sehemu moja ya ubongo na kuyaonyesha kama mstari mwekundu unaopanda na kushuka. Niliagizwa nikumbuke jambo la furaha mpaka mstari upande. Nilimkumbuka marehemu baba, askari, akirudi kambini Jinja na sangara mkubwa begani, mkia ukimpigapiga mgongoni, nasi watoto tukimkimbilia. Mwanzoni mstari haukutikisika. Kisha nikajifunza kungoja, kwa kuwa damu huchelewa sekunde 4 hadi 6 baada ya wazo. Siku ya pili niliupandisha kama bendera, na kwa wiki kadhaa nililala vizuri, nikawatangazia wote kwamba nimepona.

Jaribio lilipokwisha niliarifiwa kwamba nilikuwa katika kundi la ulinganisho: mstari wangu ulitoka sehemu ya ubongo isiyohusika na hisia. Iliniuma, na bado inaniuma.

Hata hivyo, bila watu kama mimi hakuna ajuaye kilichomponya mgonjwa. Huko Tulsa, Marekani, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, wagonjwa 19 wa sonona walijifunza kuiamsha amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hisia, na 17 walipewa sehemu nyingine; waliopungukiwa na dalili kwa zaidi ya nusu walikuwa 12 katika kundi la kwanza na 2 katika la pili. Hayo ni matumaini ya kweli, lakini ni ya watu 36 tu. Kwa hiyo, ndugu zangu, tuache kudhani kwamba kila kinachowaka kwenye skrini ni dawa, na asitokee mtu wa kumwachisha mgonjwa vidonge au kliniki yake ya Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, kwa ajili ya mstari.

Msomaji wangu nimemshauri aiulize hospitali hiyo, kabla mnunuzi hajaja kupima kiwanja, ni sehemu gani ya ubongo watakayopima na matokeo yao wameyalinganisha na ya nani. Ameandika mara mbili. Alichojibiwa ni orodha ya bei.