Msitu "mkijani" au msitu wa kijani?

SWALI: Mimi na wenzangu wa hapa Kisauni hupanda milima ya Taita kupiga picha za misitu. Chini ya picha moja niliandika: "Msitu mkijani, majani mekundu na manjano, ukungu mweupe." Dada yangu akanikosoa, akasema "mkijani" si Kiswahili. Ikiwa ukungu huwa mweupe, msitu una kasoro gani hata usiwe mkijani?

JIBU: Dada yako amesema kweli. Rangi zinazobeba kiambishi cha nomino ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Hizi ni vivumishi vya asili, ndiyo maana hubadilika kila zikutanapo na ngeli nyingine: ukungu mweupe, jiwe jeusi, kivuli cheusi, jani jekundu.

Rangi nyingine, karibu zote, zilikuwa vitu kabla ya kuwa rangi. Kijani kimetokana na jani, kijivu na jivu. Kahawia ina kahawa ndani yake. Machungwa na zambarau ni matunda tunayokula, na samawati ni mbingu kwa Kiarabu. Manjano nayo ni ileile ya kupikia inayouzwa Marikiti, ukiishika vidole vinabaki na rangi hata baada ya kunawa. Majina ya vitu hayavishwi viambishi vya vivumishi, huunganishwa kwa -a: msitu wa kijani, mawe ya kijivu, magome ya kahawia.

Kuna kosa jingine ambalo dada yako hakulitaja. Umeandika "majani mekundu na manjano", na sikio linakubali kwa sababu ya ile ma- ya mwanzo. Lakini ma- hiyo haikuletwa na majani, ni sehemu ya neno lenyewe. Jaribu umoja: jani jekundu, naam, lakini hatusemi "jani jinjano", tunasema jani la manjano. Wapo wanaosema njano, hasa Tanzania, na mimi siwakatazi, maana neno limekwisha kuzoeleka. Hata hivyo -a haiachwi: refa hutoa kadi ya njano. Basi andika: "Msitu wa kijani, majani mekundu na ya manjano, ukungu mweupe."

Lakini kwa msitu kama Ngangao, wa huko huko Taita, kijani peke yake hakitoshi. Kule miti haipukutishi majani yote kwa pamoja, kwa hiyo picha hujaa kijani cha kila namna, na lugha inazo njia za kuzitofautisha. Kuna kijani kibichi, kijani kilichokoza, kijani kilichofifia. Angalia upatanisho: kinachosifiwa hapa ni kijani, si msitu, kwa hiyo ni msitu wa kijani kibichi, kamwe si "wa kijani mbichi". Ukitanguliza rangi, upatanisho unaifuata rangi: rangi ya kijani iliyokoza. Zile rangi tatu za asili nazo zinakupa nomino nzuri ambazo wapiga picha wengi wanazisahau: weupe, weusi, wekundu. Baadhi ya miti ya msituni huchipua majani yaliyoiva wekundu kabla hayajageuka kijani. "Majani machanga yenye wekundu" inaeleza vizuri zaidi kuliko "majani mekundu", ambayo humfanya msomaji adhani yamekauka.

Mkifika msitu wa Mbololo mnaweza kukuta ua dogo la porini, aina ya Saintpaulia ambayo kwa asili haioti kwingine duniani. Rangi yake ni zambarau, wengine wataiita urujuani, na yote mawili yanafaa. Kwenye maua, lakini, usiliache neno rangi. "Ua la waridi" ni waridi lenyewe, lenye miiba. Ua la rangi ya waridi linaweza kuwa ua lolote. Vivyo hivyo andika ua la rangi ya zambarau, asije mtu akadhani umepiga picha mzambarau uliochanua.