Njia fupi ndiyo iliyotumalizia dizeli

Mkuu, umeuliza kama programu za kupanga njia zinapunguza mafuta kweli au zinakuwahisha tu. Mimi napanga safari za magari ya kusambaza mizigo, mwaka wa sita huu, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Zinapunguza, lakini nyingi hutafuta kwanza njia ya haraka, na injini ina hesabu zake. Inachoumia nacho ni kusimama na kuondoka. Ukishika breki gari likiwa na mzigo, mwendo wote ulioulipia mafuta unaishia kuwa joto kwenye breki, halafu unaanza kuulipia upya kwa gea ya kwanza.

Dereva wangu mmoja, mtu wa kupenda mkato, hakukubali. Tukachukua magari mawili ya aina moja, mzigo sawa, tukajaza matangi hadi mdomoni. Siku sita yeye alikatiza katikati ya mji, kilomita 18. Mwenzake akazunguka pembezoni, kilomita 23. Tulipojaza tena, gari la mkato lilikuwa limekunywa lita tisa zaidi. Akasema gari bovu. Wiki iliyofuata wakabadilishana magari, na mkato ukashindwa tena.

Kwa upande wa moshi, lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi (oksijeni ya hewani ndiyo inayoongeza uzito). Kwa hizo lita tisa, piga hesabu ya kilo 24 hivi.

Ila faida kubwa niliipata kwenye mpangilio wa vituo kuliko kwenye barabara zenyewe. Vituo kumi tu vinaweza kupangwa kwa namna 3,628,800, na hapo kichwa cha dereva hakifui dafu. Watafiti Dantzig na Ramser waliandika juu ya fumbo hili mwaka 1959, wakizungumzia malori ya petroli. Mimi huongeza masharti mawili: mzigo mzito ushuke mapema inapowezekana, na tupunguze kona za kukatisha magari yanayokuja. UPS, kampuni ya Marekani ya kusambaza vifurushi, hukwepa kona za kushoto kwa sababu hiyohiyo, maana kule wanaendesha upande wa kulia.

Kabla hujalipia programu yoyote, muulize muuzaji kama inahesabu uzito wa mzigo na miinuko. Akianza kukuonyesha rangi za ramani, ondoka.