Maneno marefu ya Kinorwe: mkazo unakaa wapi?

Shikamoo ticha. Nikisema "barnehage", yaani chekechea, Wanorwe wananitolea macho tu. Nakosea nini?

Marahaba mdogo wangu. Nadhani unasema barneHAge, na sikulaumu, Kiswahili kimetuzoesha mkazo kwenye silabi ya pili toka mwisho, NYUmba, nyuMBAni, neno likirefuka mkazo nao unahama. Kinorwe hakihami hivyo. Maneno mawili yakiungana mkazo mkubwa unabaki kwa lile la kwanza, la pili linabakiwa na kamkazo kadogo tu. Barn ni mtoto, hage ni bustani, sasa ukikazia HA mwenzio anasikia bustani, mtoto hamwoni. Piga meza ngumi kwenye BAR, HA iguse kwa kidole. Hata stasjon, yaani stesheni, ambayo ikiwa peke yake unakazia mwisho, staSJON, ikiungana na tog, treni, inashusha sauti: TOGstasjon. Fanya hilo zoezi kila siku jamani, linasaidia kuliko kukariri maneno mia.

Kwa nini nisiyaandike hayo maneno mawili kwa kuyatenga, si yanasomeka?

Yanasomeka vingine! Lammelår ni paja la mwanakondoo, unalikuta buchani. Lamme lår ni mapaja yaliyopooza. Nafasi moja tu hiyo. Na kwenye kutamka ni vilevile, ukiyatenga kila neno linadai mkazo wake na maana inakukimbia.

Na vile vineno vya jinsia vinavyotangulia nomino, nitajuaje ni en au et?

Tazama neno la mwisho, basi. Hus, nyumba, ni et, kwa hiyo et sykehus, hospitali. Barn nayo ni et lakini hage ni en, kwa hiyo en barnehage. Sisi tunaanza na kitu chenyewe, chokoleti ya maziwa, wao wanamalizia nacho: melkesjokolade. Ukigeuza ukasema sjokolademelk utaletewa maziwa ya chokoleti, kitu cha kunywa.

Na ile s inayoingia katikati ya baadhi ya maneno haya inatoka wapi?

Ni gundi, kama kwenye arbeidsplass, mahali pa kazi. Kanuni moja ya kumaliza yote hakuna, ila kuna dalili: vinglass, glasi ya mvinyo, haina s, lakini rødvinsglass, ya mvinyo mwekundu, inayo, maana upande wa kwanza tayari ni maneno mawili. Mara nyingine gundi ni e, ndiyo ile ya barn-e-hage, na hiyo itamke nyepesi kabisa, usiikazie hata kidogo.