Leza ndogo ya CO2 bila heliamu: anzia kwenye umeme, si kwenye mtungi wa gesi

Wanaoniuliza namna ya kuunda leza ndogo ya mapigo ya kaboni dayoksaidi (CO2) bila heliamu karibu wote huanza na swali hilohilo: niweke gesi gani badala yake? Nami huwauliza: heliamu ilikuwa inafanya kazi gani mle ndani?

Kazi zake ni tatu. Hupitisha joto takriban mara sita ya nitrojeni. Huzisaidia molekuli za CO2 zilizokwisha kutoa mwanga zishuke upesi hadi hali yao ya chini. Na hutuliza umeme usijikusanye ukawa cheche moja nene. Kwa leza inayowaka mfululizo, kazi ya kwanza ndiyo roho ya mashine. Inayopiga pigo moja ikapumzika ina muda wa kupoa. Ya pili nayo haikuumizi sana, kwa kuwa kilele cha pigo huchukua nanosekunde mia hivi. Kinachoumia ni mkia wa pigo unaofuata kilele hicho. Inabaki ya tatu, na hiyo ndiyo itakayokula usingizi wako.

Tangu Mkanada Jacques Beaulieu atangaze leza ya CO2 inayofanya kazi kwa shinikizo la angahewa mwaka 1970, michanganyiko iliyozoeleka imekuwa heliamu tele, na CO2 na nitrojeni kidogo. Ukiitoa heliamu ukabaki na CO2 na nitrojeni, volti ya kuivunja gesi, yaani kuifanya ipitishe umeme, hupanda hadi karibu na ya hewa ya kawaida, takriban kilovolti 30 kwa kila sentimita. Basi zisogeze karibu elektrodi, yaani vyuma viwili ambavyo umeme huruka kati yao: sentimita moja au pungufu. Hapa udogo wa mashine unakufaa.

Kisha tayarisha gesi kabla ya pigo kubwa. Cheche ndogo pembeni hutoa mionzi ya urujuanimno inayotawanya elektroni za kuanzia. CO2 huinywa mionzi hiyo, na bila heliamu kuna CO2 nyingi zaidi njiani, kwa hiyo ziweke cheche karibu kabisa na elektrodi. Umeme mkuu uingie na kuisha haraka, kabla cheche nene haijapata nafasi ya kuota. Kapasita, yaani vihifadhi vya chaji ya umeme, zibane kwenye elektrodi zenyewe, uziunge kwa bamba pana la shaba. Nyaya ndefu, hata ziwe nene vipi, sizitaki.

Macho na masikio yatakupa majibu kabla ya kipimo chochote. Pigo zuri hujaza nafasi yote kwa mng'ao laini wa zambarau, na sauti yake ni butu. Baya lina uzi mweupe na mlio mkali. Ukiona uzi uleule mahali palepale, zima umeme, maliza chaji ya kapasita, kisha paguse pale kwenye elektrodi: mara nyingi kuna kidonda au ukingo haukulainishwa.

Ukiifunga gesi ndani ya leza bila kuibadilisha, CO2 huvunjika na kuacha oksijeni inayonasa elektroni na kuita cheche. Hidrojeni kidogo au kaboni monoksaidi husaidia, ila hiyo ya pili ni sumu, iheshimu. Faida ni kwamba huna tena heliamu ya kupenya kwenye kioo na mihuri.

Mwanga wa mikromita 10.6 hauonekani na huunguza konea, yaani utando wa mbele wa jicho, kwa hiyo miwani inayozuia urefu huo wa wimbi ni lazima. Kapasita nazo hujirudishia chaji hata baada ya kuimaliza. Acha waya wa kuziunganisha ncha muda wote unapofanya kazi ndani, uutoe unapofunga kifuniko.